Antares yenye mstari
Kaka, kama kwenye picha yako ya darubini nyota ndogo zimetoka duara safi na Antares, ile nyota angavu, peke yake ina mstari juu na chini, usiulaumu upepo wa Uyole kwamba umetikisa darubini. Hapo pikseli za CCD (sensa ya kamera) zimejaa elektroni kwa mwanga mkali hadi zinafurika kwa jirani, safu wima ileile. Zungusha kamera nyuzi 45, piga tena. Mstari ukibaki wima kwenye picha, ni sensa. Basi badala ya picha moja ya dakika 5 piga picha nyingi za sekunde 60, halafu uziunganishe kwenye kompyuta.

Ila nyota ikitoka pembetatu, kioo kikuu cha darubini kimebanwa mno na vishikio vyake. Baridi ya Julai huku Makambako ilinifanyia hivyo. Nililegeza skrubu za vishikio kidogo tu, robo mzunguko hivi, ikaisha.