Maswali na Majibu: Mradi Unasubiri Nani?

Maswali ya mwezi huu karibu yote yamegusa jambo moja: kwa nini kazi za ujenzi haziishi. Yupo anayeuliza bandari, yupo anayeuliza madarasa, na yupo anayelilia dari yake mwenyewe. Nimechagua machache. Nayajibu kama mtu aliyekula chumvi akipima kazi za wakandarasi na kuandika hesabu zake.

Bibi wa Langoni, Lamu: Fundi aliniahidi miezi mitatu nyumba ya marehemu baba itakuwa imerudi hali yake. Mwaka umepita na chumba cha juu bado naona nyota. Huyu ni mwizi au ni mvivu?

Huenda si mwizi wala mvivu, dada yangu. Alipokukadiria alihesabu siku ambazo mkono wake utakuwa ukutani, akasahau siku ambazo mkono huo utakuwa umekaa. Hebu tuufuate mfuko mmoja wa saruji. Unashushwa kwenye lori Mokowe, upande wa bara, unasubiri chombo, unapakiwa, unavuka, unasubiri wapakuzi, unapandishwa mgongoni mwa punda, kisha unaingia vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Kila hatua ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana wateja wengine wanaompigia simu. Punda asipopatikana asubuhi, mafundi wako wako barazani na kahawa, na ujira unahesabika.

Hapo bado hatujagusa nyumba yenyewe. Mji wa Kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo huwezi kubadili sura ya nyumba bila idhini. Halafu kuta za matumbawe hazitaki saruji tupu. Ukizipaka saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani na plasta hubambuka kabla hujamaliza kulipa deni lake. Zinataka chokaa, na chokaa hupakwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likipewa muda wake wa kukauka. Fundi anayekimbiza chokaa anakuuzia kazi ya kurudiwa. Na boriti je? Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti misituni, mikoko nayo ikakumbwa, na waliokuwa wameshafumua dari zao wakabaki wameduwaa hadi amri ilipolegezwa.

Wazee wetu hawakujidanganya juu ya muda. Walijenga chini, nyumba ikakaa, na ghorofa ikaongezwa binti alipokaribia kuolewa. Hakuna aliyesema mradi umekwama.

Daniel Kahneman na Amos Tversky, wanasaikolojia, waliieleza tabia hii mwaka 1979: mtu akikadiria kazi hutazama mpango wake, hatazami kazi za namna hiyo ziliwachukua wengine muda gani. Kwa hiyo usimuulize tena fundi "utamaliza lini?" Mwombe akupeleke kwenye nyumba mbili tatu alizotengeneza, uwaulize wenyewe zilichukua muda gani. Na malipo yafuate kazi iliyosimama. Ukilipa kwa siku, umenunua siku.

Kijana wa Mokowe: Bandari ya Lamu ilizinduliwa nikiwa shule ya msingi. Tuliambiwa magati 32. Mimi naona matatu. Mengine yako wapi?

Uzinduzi ulifanyika Machi 2012. Rais Kibaki alisimama hapa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, na sisi tukapiga vigelegele. Gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Miaka tisa, lakini tuigawe: ujenzi wenyewe wa magati matatu ulishika kasi mwaka 2016. Miaka iliyotangulia ilikwenda kwenye fedha, mikataba, ardhi na kesi.

Na hayo 32 hayakupangwa kuja kwa mpigo. Serikali ilijitwika matatu ya mwanzo, mengine yaachiwe wawekezaji binafsi. Mwekezaji naye si mjomba wako. Anauliza meli zitabeba nini. Shehena iliyotarajiwa ilikuwa mafuta na mizigo ya jirani zetu, na hapo ndipo kamba ilipokatika. Vita vikalipuka Sudan Kusini Desemba 2013. Mwaka 2016 Uganda ikaamua bomba la mafuta yake lipite Tanzania mpaka Tanga. Reli ya kwenda bara haikujengwa. Barabara za kutokea hapa zilikutana na mashambulizi, wafanyakazi wakauawa, mitambo ikachomwa moto. Gati refu la mita 400, lenye kina cha kupokea meli kubwa sana, linasubiri barabara; barabara inasubiri usalama; mwekezaji anasubiri vyote viwili.

Lawama yangu naiweka kwenye ile siku ya vigelegele. Mradi wenye bandari, bomba, reli, barabara na viwanja vya ndege, ukipita katika nchi tatu, ulitangazwa kama kitu kimoja chenye tarehe moja. Kipande kimoja kikiteleza, vyote huonekana vimechelewa.

Mwalimu wa Muyeye, Malindi: Mkandarasi alifika na mbwembwe, akapandisha kuta za madarasa mpaka lenta, akatoweka. Mchanga umeota nyasi. Amekula pesa?

Inawezekana. Lakini mara nyingi niliyoyaona ni kinyume chake: pesa ndizo zinazomla yeye. Mwalimu, fuata karatasi kama tulivyofuata ule mfuko wa saruji. Mkandarasi anajenga kwa pesa zake au za benki. Akifika kiwango fulani, mhandisi anakuja kupima, anaandika cheti cha malipo. Cheti kinakwenda idarani, kinakaguliwa, kinakwenda kwa wahasibu, kinasubiri kaunti ipokee mgao kutoka Nairobi na Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe pesa zitolewe. Mgao ukichelewa, na huchelewa sana, mishahara hulipwa kwanza. Wewe mwenyewe ungegoma isingelipwa. Cheti cha madarasa yako kinakaa kwenye faili.

Kisha inafika Juni 30, mwaka wa fedha umefungwa. Deni lisilolipwa linaitwa deni la zamani na linarudi foleni pamoja na bajeti mpya. Ndiyo maana Mei na Juni utaona kaunti nzima inachimbwa: kila mtu anataka pesa zitoke kabla ya mlango kufungwa. Ndiyo maana pia Agosti na Septemba kumetulia tuli.

Benki haingoji. Riba inapanda, vibarua wanadai, muuza mawe amekataa kukopesha tena. Mkono mtupu haulambwi, na mkandarasi anahamisha vijana wake kwenda mjengo wa mtu binafsi anayelipa Jumamosi. Isitoshe, katika kila cheti hukatwa sehemu, aghalabu asilimia 10, ikawekwa kando mpaka kazi iishe na kasoro zirekebishwe. Ni utaratibu mzuri, unamlinda mwenye jengo. Ila aliyewahi kuingoja sehemu hiyo iliyozuiwa, zabuni ijayo anaongeza bei mapema. Sote tunalipa.

Ukitaka kujua pesa zilizo tayari zinavyofanya kazi, tazama reli ya kisasa, SGR. Kilomita 472 za Mombasa hadi Nairobi zilianza kubeba abiria mwaka 2017, kabla ya muda uliotarajiwa, kwa kuwa mkopo wa Uchina ulikuwa umeshakaa. Uzuri na ubaya wa deni hilo ni habari nyingine. Ilipofika Naivasha mwaka 2019 mkopo wa kuendelea haukupatikana, na wajenzi walewale wenye mashine zilezile wakasimama.

Msomaji wa Shela: Kwa nini wasiongeze watu na kufanya kazi usiku?

Zege halijui saa za ziada. Nguvu yake hupimwa ikitimiza siku 28, uwe umeajiri watu kumi au mia. Mtaro wa maji taka nao unaingia watu wachache kwa wakati mmoja. Wengine watasimama juu wakitoa ushauri. Kuongeza watu kunasaidia pale tu watu ndio waliopungua.

Msomaji wa Watamu: Au ni sisi tu Waafrika?

Hata kidogo. Jumba la Opera la Sydney lilitarajiwa kumalizika 1963, likafunguliwa 1973, kwa gharama iliyozidi makadirio mara kumi na zaidi. Uwanja wa ndege mpya wa Berlin, mji wa watu tunaowasifu kwa saa zao, ulikuwa ufunguliwe 2011 ukafunguliwa Oktoba 2020. Bent Flyvbjerg, mtafiti wa Denmark aliyekusanya takwimu za miradi zaidi ya 16,000 duniani, alikuta ni asilimia 8.5 tu iliyotimiza bajeti na muda kwa pamoja. Sisemi hayo ili kaunti ijifunikie shuka. Berlin walikuwa na kiwanja kingine cha kutumia wakingoja. Watoto wa Muyeye wana mwembe.

Mfanyabiashara wa Mkomani: Mabwana wa mashirika yasiyo ya kiserikali ndio wanaotuchelewesha. Kila kitu mahakamani. Maendeleo yatakuja lini?

Ndugu yangu, kesi mbili kubwa za Lamu nizijuazo hazikuzaliwa na mashirika; zilizaliwa na hatua iliyorukwa. Wavuvi walikwenda mahakamani kwa kuwa bahari yao ilichimbwa kwa ajili ya bandari bila wao kusikilizwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Hukumu ikakatiwa rufaa, yakaja mazungumzo ya nje ya mahakama, na miaka ikazidi kwenda. Mazungumzo hayohayo yangefanyika mwanzoni, yangefanyika mikekani, bila mawakili.

Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050, ni hivyo hivyo. Juni 2019 jopo la mazingira lilifuta leseni kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kikweli. Huo kwa kweli sikuulilia. Lakini hata angekuwa mwekezaji wa kitu kizuri, ingekuwa vilevile: wiki chache ulizookoa kwa kutoita baraza unazilipa kwa miaka.

Ucheleweshaji wa mahakama upo, sikatai, hasa kwenye zabuni. Aliyeshindwa ana siku 14 za kulalamika kwa bodi ya rufaa, bodi ina siku 21 za kuamua, kisha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa. Wengine hufungua shauri ili tu mwenzao asianze. Hao nakuachia uwaseme utakavyo.

Mwanafunzi wa Lamu: Ngome yetu ilijengwa bila kreni. Watu wa zamani walikuwa wepesi kuliko sisi?

Ngome ilianza 1813, baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821. Miaka minane, mwanangu. Magati matatu ya bandari yamechukua karibu mitano tangu mitambo ianze kuunguruma. Ngome ya Yesu kule Mombasa, ukitaka, ilianza 1593 na Wareno wakaanza kuitumia baada ya miaka michache tu, lakini hao hawakulipa fidia wala hawakuuliza mtu kiwanja ni cha nani.

Baba wa familia, karibu na kiwanja cha ndege cha Malindi: Tangu nipate akili naambiwa uwanja utapanuliwa na tutahama kwa fidia. Nisijenge, nisiuze, nisipande mnazi. Nifanye nini?

Hili ndilo swali lililoniuma kuliko yote. Njia ya kurukia ina urefu wa takriban mita 1,400, haifai ndege kubwa, na kuirefusha kunataka ardhi ambayo watu wanaishi. Wanaosema mradi unachelewa huwaza watalii. Wewe unachelewa pamoja na mradi, na hakuna anayekuhesabu. Jirani zako wanaosimika vibanda usiku ili wahesabiwe fidia wanapandisha gharama, na gharama ikipanda serikali inarudi nyuma. Ila siwashutumu sana. Mtu akiambiwa angoje bila tarehe hutafuta namna ya kulipwa kungoja.

Cha kufanya: andika barua. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inakupa haki ya kujibiwa ndani ya siku 21, na huhitaji wakili. Iandikie mamlaka ya viwanja vya ndege na Tume ya Taifa ya Ardhi, kila mmoja yake. Usiulize "mradi umefika wapi", watakujibu "mchakato unaendelea". Uliza kama kipande chako, kwa namba yake, kimetangazwa rasmi kutwaliwa, na tarehe ya tangazo. Uliza kama kimethaminiwa, na bei iliyoandikwa. Uliza pesa za fidia zimetengwa katika bajeti ya mwaka gani. Kama hakuna tangazo, amri ya kukukataza kupanda mnazi ilitoka wapi? Waulize hilo pia. Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Watataka kuona nakala ya barua yako yenye mhuri wa kupokelewa, kwa hiyo usiondoke kaunta kabla haujapigwa.