Kabla hujasema lebo imekosewa

Walio wageni katika kukuza okidi wana haraka moja: ua la kwanza likifunguka tofauti na picha waliyoonyeshwa, basi wameuziwa mmea mwingine. Inatokea kweli. Ila mimi lebo ndiyo naishuku mwisho.

Kwanza isome vizuri. Jina la kloni, yaani nakala za mmea mmoja, huwekwa ndani ya alama za kunukuu, mfano Phalaenopsis (jenasi ya okidi) Golden Peoker 'Brother'. Sehemu ya mbele, Golden Peoker, ni jina la chotara, nalo ni la watoto wote wa wazazi wale wawili. Kama lebo yako inaishia hapo, huenda huna kloni kabisa; una mche wa mbegu, na miche ya mbegu ni ndugu wa tumbo moja, kila mmoja na sura yake. Hakuna wa kumlaumu.

Ikiwa ni kloni kweli, vuta subira. Mmea mchanga hutoa maua machache, madogo, na joto kali hufifisha rangi. Ngoja uchanue mara mbili tatu ndipo uhukumu. (Na picha za wauzaji, tunazijua.)

Palipo na utamu ni kwenye mabadiliko ya maabara. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel alieleza jinsi ya kuotesha Cymbidium, jenasi nyingine ya okidi, kutoka kwenye ncha changa ya chipukizi, na tangu hapo mmea mmoja unaweza kuzaa maelfu. Lakini kadiri tishu zinavyokatwakatwa na kuzidishwa tena na tena, ndivyo hitilafu zinavyojipenyeza. Kwenye Phalaenopsis utaiona waziwazi: petali mbili za pembeni zinanenepa, zinapata rangi na mikunjo ya mdomo (ile petali ya chini yenye umbo la pekee), ua linakuwa kama lina midomo mitatu. Wakati mwingine shina moja linabeba ua la hivyo na jirani yake wa kawaida. Ukikuta hilo, kesi ya lebo imekwisha, kwa sababu lebo haiwezi kukosewa kwa nusu ya shina. Si hasara siku zote: Phalaenopsis zenye mabaka makubwa meusi-meusi zilianzia kwenye kloni za Golden Peoker zilizogeuka huko Taiwan. Tahadhari tu, michirizi na rangi iliyokatika vipandevipande huweza kuwa virusi. Tenga mmea, upime, ndipo ufurahie.

Lebo iliyochanganywa ina dalili nyingine. Chupa za maabara hufanana, na miche haitoi ua kwa miaka, kwa hiyo kosa husafiri mbali kabla halijaonekana. Tafuta wenzako walionunua kundi lilelile. Wote wakipata ua moja, zuri, lisilo na kasoro, ila si lile la kwenye jina, hapo shuku lebo. Linganisha umbo la mdomo na vinundu vilivyo juu yake, usiamini rangi. Mmoja tu akitofautiana, bado hujajua: huenda mmea wake umegeuka maabara, huenda mche umeponyoka kutoka trei ya jirani.

Vyovyote iwavyo, usibuni jina jipya kwa kukisia. Acha la zamani, geuza lebo, andika nyuma kwa penseli: "hailingani", na mwaka. Wino wa kalamu nene hufutwa na jua. Ukigawa mmea, kila kipande kiondoke na maneno hayo, na usikiandikie tuzo ambayo majaji waliipa kloni ile. Tuzo ilipewa ua ambalo wewe huna.