Kupiga picha za ndege Bagamoyo: pesa yako iende kwenye lenzi

Siku ya kwanza nilipomwamkia mzee mmoja anayeshona nyavu karibu na soko la samaki, nikamwambia nimekuja kupiga ndege, alinitazama toka miguuni hadi kichwani. "Manati iko wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha kamera. Akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Ahaa, picha! Haya, na hicho kijicho kifupi utamfikia nani?"

Sidhani kama mzee yule amewahi kushika kamera, ila alilisema kwa sentensi moja jambo lililonichukua miezi minane na pesa nyingi kulielewa. Naliandika kwa sababu vijana wa hapa na wa Dar hawaachi kuniuliza: ninunue kamera gani ya kupigia ndege?

Mimi nilianzia kwa njiwa. Nina banda uani, njiwa kumi na tisa kwa hesabu ya jana, wengi weupe, na kwa muda mrefu simu ilinitosha kabisa. Njiwa anakula kiganjani, yuko nusu mita kutoka kwenye simu, anatoka na kila unyoya wake. Kisha nikaipeleka simu ileile kwenye mikoko ya Kaole. Mdiria alikuwa ametua juu ya kijiti, kichwa cha kijivu, mdomo mwekundu kama pilipili, mabawa ya buluu. Nikavuta zumu kwa vidole hadi mwisho wake. Nyumbani nikamwonyesha mama. "Hii ni nguo imenasa mtini?" akauliza.

Basi nikaenda Dar. Muuzaji wa duka moja alinijaza megapikseli kichwani: ishirini na nne, kaka, ishirini na nne! Nikamlipa milioni moja na laki mbili, nikarudi na kamera mpya pamoja na lenzi iliyokuja nayo boksini, ya milimita 18 hadi 55 (namba ikikua, lenzi inavuta mbali zaidi). Picha za njiwa zikapendeza. Mdiria akabaki nguo iliyonasa, sasa yenye rangi nzuri zaidi.

Hesabu yake ni ndogo, na kama ningeifanya kabla ya kutoa pesa, ningelala usingizi. Chukua kitwitwi, yule ndege mdogo wa ufukweni, wa sentimita 20, amesimama mita 20 mbele yako. Kwa lenzi ya 55, kwenye picha yenye upana wa pikseli 6,000, yaani vinukta vinavyoijenga picha, yeye anaambulia kama 150 tu. Hiyo ni picha ya mchanga. Badilisha lenzi, weka 250 kwenye kamera ileile: anapata karibu 670. Weka 400: elfu moja na kitu. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hujaigusa. Sasa rudisha ile ya 250 na ujiburute mpaka zibaki mita 10: amefika 1,300, kampita yule wa lenzi ya 400. Kupunguza umbali kwa nusu ni sawa na kurefusha lenzi mara mbili, na bei yake ni shati chafu.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na mimi hugaagaa kwelikweli. Tumbo chini, viwiko mchangani, kamera imeegemea juu ya kiatu. Ukisimama, vitwitwi wanakuona wewe ni mtu, na mtu anatupa mawe. Ukilala kimya robo saa wanakusahau. Kuna mmoja alinijia mbio akifuata povu la wimbi, akachomeka mdomo, akavuta kinyoo chembamba chekundu, kikanyooka, kikakatika, naye akasimama akionekana kama mtu aliyedhulumiwa chenji. Alikuwa karibu mno hata lenzi ikashindwa kufokasi. Sina picha yake hata moja, na bado ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote.

Kuhusu saa ya kwenda, wengi hapa tunakosea. Tunaamka alfajiri kwa sababu tumesikia mwanga wa asubuhi ni mzuri. Ni mzuri, lakini bahari yetu iko mashariki. Asubuhi jua linachomoza usoni pako, na ndege wote wa ufukweni wanakuwa vivuli vyeusi. Alasiri jua liko mgongoni kwako, upande wa bara, linawamulika wao. Ongeza na maji. Wavuvi watakwambia kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Maji yakijaa, yale matope mapana wanayolia ndege yanafunikwa, nao wanasukumwa hadi kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, karibu na wewe, jua likiwa mgongoni kwako. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupati bahati hiyo. Kalenda ya mwezi imenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua. Miezi pia ina maana: kati ya Septemba na Aprili ufukwe unajaa wageni kutoka kaskazini ya mbali, sululu na vitwitwi wa kila aina. Juni utakuta wachache tu.

Adhuhuri usijisumbue. Kule kwenye mabwawa ya chumvi joto linapanda kutoka ardhini na hewa inachezacheza kama iliyo juu ya sufuria, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayopenya hapo. Niliwahi kudhani lenzi yangu imeharibika, kumbe ilikuwa saa saba mchana.

Sasa tuje kwenye kununua. Kama unataka tu kumtambua ndege na kumwonyesha jirani, na hutaki kubeba mabegi, zipo kamera za zumu ndefu ambazo lenzi haitoki. Nikon P900 ya mwaka 2015 inafika mahali ambapo ungehitaji lenzi ya milimita 2,000 kwenye kamera kubwa. Ni nyepesi, na hufungui lenzi ufukweni mchanga ukaingia ndani. Lakini kihisi chake kinachopokea mwanga ni kidogo sana, eneo lake kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kile cha kamera yangu, kwa hiyo jioni picha zinajaa chenga. Na ndege akiruka, inamtafuta huku yeye ameshafika Zanzibar. Kwa ndege aliyetulia, sina neno baya juu yake.

Ukitaka ndege anayeruka, tafuta kamera ya kubadili lenzi, na usione haya kununua iliyotumika. Watu wenye pesa wanahamia kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless), na kuanzia 2020 zimetoka zinazotambua jicho la ndege zenyewe. Heri yao. Wanachoacha nyuma ndicho chetu. Mimi natumia Canon 7D Mark II ya mwaka 2014, picha kumi kwa sekunde, na lenzi ya milimita 400 ya f/5.6 yenye uzito wa kilo moja na robo (hiyo f ni ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga: namba ndogo, tundu kubwa). Haina kitulizi cha mtikisiko, ila kwa ndege anayeruka utaweka shata, lile pazia linalofunguka mwanga uingie, kwenye 1/2000 ya sekunde hata hivyo, na kwa kasi hiyo mkono wako si tatizo tena. Kwa bajeti ndogo, bodi yoyote ya miaka hiyo na lenzi ya 55 hadi 250 au 70 hadi 300 inatosha kuanzia. Ukiwa na laki moja ya ziada, usiiongeze kwenye bodi.

Lenzi yangu ya kwanza ndefu niliuziwa na mtu aliyeapa imetumika harusi mbili tu. Baada ya wiki mbili nikaona picha zina ukungu. Fundi akawasha tochi, akaipitisha kwenye lenzi kutoka nyuma: nyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Kuvu. Pwani yetu ina unyevu, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi la kitambaa miezi kadhaa inaota kama mkate. Kwa hiyo nenda na tochi yako, umulike kabla ya kuhesabu pesa, na muuzaji akinuna, mwache anune. Uliza pia shata imepiga mara ngapi. Ya 7D Mark II ilitengenezwa kuhimili kama 200,000.

Yangu sasa inakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Naiba kwa kila mtu anayenunua viatu. Nikirudi ufukweni, napitisha kitambaa chenye unyevu kidogo nje ya bodi kutoa chumvi, kisha kikavu. Na ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, usiitoe kamera hapohapo; iache begini nusu saa, la sivyo kioo kinatoa jasho.

Njiwa sijawasahau. Kwao lenzi ndefu ni mzigo. Bandani shida ni giza, na dawa yake ni lenzi fupi ya 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei ndogo kabisa. Kama una chiriku au kasuku tunduni, igusishe lenzi kwenye wavu, fungua tundu la lenzi lote, subiri ndege akae upande wa nyuma: waya zinayeyuka, huzioni. Njiwa mweupe juani anaungua, anakuwa karatasi isiyo na manyoya, basi punguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka. Na wakiruka, huondoka kuukabili upepo. Simama unakotoka upepo watakujia usoni.

Kwa mazoezi ya kuruka, wapo kunguru. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 kula taka, sasa ni wetu wote tukitaka tusitake, na pale soko la samaki hawaishi. Nilipiga kunguru mwezi mzima kabla mkono haujazoea kumfuata ndege bila kumpoteza.

Wiki iliyopita nilimpata yangeyange akitua kwenye ukingo wa ngalawa, mabawa wazi, miguu ya manjano mbele. Nikampelekea mzee wa nyavu, nikamkuzia picha kwenye kioo cha kamera. Akasogeza uso, akaonyesha kwa kidole kidole cha mguu wa kushoto, kilichopinda.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ndiye anayeniibia dagaa."