Nikipiga chafya tu naloa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Mbagala, nimejifungua mtoto wa pili ana miezi mitatu sasa, kwa njia ya kawaida ila alikuwa na kilo 4. Shida yangu ni mkojo, nikikohoa au nikicheka unatoka, nikinyanyua ndoo ndo kabisa. Juzi nimepiga chafya kwenye daladala ikabidi nishuke kituo kisicho changu, khanga imelowa. Mama mkwe ndo ananikanda, anasema nipunguze maji na nikaze zaidi mkaja. Maji nimepunguza lakini bado, na siku hizi nikikojoa kunawaka. Mume sijamwambia, naona aibu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, hasa kwa hiyo ya daladala. Wanawake wengi wanapata hili baada ya kuzaa na wengi wanakaa nalo kimya miaka, kwahiyo umefanya vizuri mno kuuliza mapema.

Iko hivi, chini ya kibofu kuna misuli imetandwa kama kitanda cha kamba, inabeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Miezi tisa imebeba mzigo halafu akapita mtoto wa kilo 4, imevutika ikalegea, sasa ukikohoa tumbo linasukuma kibofu na yenyewe haiwahi kubana. Sio uchafu wala sio kurogwa.

Maji rudi kunywa leo hii, glasi 6 mpaka 8 kwa siku, unanyonyesha wewe! Ukijinyima mkojo unakuwa mkali unakichokoza kibofu, na choo kinakuwa kigumu, ukijikamua chooni misuli ileile ndo inazidi kulegea. Cha kupunguza ni kahawa, chai ya kukolea na soda za kola. Na huko kuwaka kapime mkojo kituo cha afya wiki hii, inaweza kuwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na umwambie daktari unanyonyesha ili akupe dawa inayokufaa.

Mkaja najua mama mkwe anakutakia mema, ila ukikazwa sana tumbo linasukuma kila kitu chini, kulekule kulikolegea. Mwombe kwa adabu alegeze.

Dawa yako hasa ni mazoezi. Wanayaita Kegel, jina la daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Lala chali magoti juu, au hata umekaa unanyonyesha, bana njia ya haja kubwa kama unazuia upepo usitoke mbele za watu, hapohapo bana na mbele kama unakata mkojo, halafu vuta kwa ndani kama unapandisha juu. Makalio na mapaja yalegee, na usizuie pumzi, wengi wanakosea hapo. Shikilia hivyo ukihesabu mpaka 3 au 5 kwa kuanzia, siku zikienda upandishe taratibu mpaka ufike 10, achia kabisa, pumzika, rudia mara 10. Malizia na kubana na kuachia harakaharaka mara 10. Asubuhi, mchana na usiku. Usifanye wakati unakojoa kweli maana mkojo unaweza kubaki kwenye kibofu. Na ukisikia chafya inakuja, bana kwanza ndo upige. Usitegemee wiki moja, ni miezi 3 bila kuacha, na kama haijabadilika omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi.

Sasa hili nalisema kwa wote wanaosoma: kama mkojo unachuruzika muda wote, mchana na usiku, hata hujakohoa, na hasa kama ulikaa na uchungu muda mrefu sana, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hapo mazoezi hayatasaidia. Usisubiri. Ukiwahi, tundu dogo linaweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu, likiwa kubwa ni upasuaji, na kwa Dar hospitali ya CCBRT wanatibu fistula bure.

Mumeo mwambie mdogo wangu, leo usiku mtoto akilala. Hata hujafika kwenye maelezo marefu, anzia kwenye ndoo, mwambie ile ya lita 20 kwa sasa abebe yeye, wewe utachota na kile kidogo.