Udongo, Chai ya Rangi na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Katika ujauzito wangu wa kwanza haikupita siku bila kutafuna udongo. Niliununua katika soko moja la Tanga, ukiwa umepangwa mafungu mafungu kando ya ndimu, vipande vigumu ambavyo vikilowa mate hutoa harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza. Kila aliyeniona alisema ndiyo kawaida ya wajawazito. Wiki ya 20, kliniki walipima wingi wa damu wakapata 8.4, ilhali mjamzito hutakiwa asipungue 11.

Muuguzi aliniuliza ninakula nini, nikamjibu kwa kujiamini kwamba nakula mchicha, maharage na dagaa. Akauliza tena: na baada ya kula unakunywa nini? Nilikuwa nakunywa chai ya rangi, iliyokolea majani, kila mlo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tanini za chai hushikamana na madini chuma ya mboga na maharage yakapita utumboni bila kufyonzwa, na kwamba udongo nao huzuia vivyo hivyo, mbali na mayai ya minyoo unaoweza kuyabeba. Chakula kilifika tumboni mwangu, lakini sehemu kubwa ya chuma chake haikufika kwenye damu, nayo damu ndiyo inayomlisha mtoto.

Ubongo unaojengwa unahitaji chuma kutengeneza ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva. Unahitaji pia madini joto, ndiyo maana chumvi ya nyumbani iwe ile iliyoongezwa madini hayo. Asidi ya foliki, aina ya vitamini B, ndiyo inayotuponyoka wengi, kwa kuwa mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, kabla wengi wetu hatujajua kama tuna mimba. Dada unayepanga kuzaa, anza mikrogramu 400 kwa siku mapema.

Utumbo una kazi nyingine pia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba panya wajawazito walioondolewa bakteria wa tumboni walibeba vijusi wenye nyuzi pungufu za neva zinazounganisha thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachopitisha taarifa za hisia, na gamba la ubongo, na walipopewa baadhi ya kemikali zinazotokana na kazi ya bakteria hao, kasoro hiyo ilizuilika. Binadamu si panya, lakini nyuzinyuzi zinazowalisha bakteria hao zimo katika dona, ulezi na kunde, vyakula ambavyo mjamzito anavihitaji kwa vyovyote.

Ujauzito wa pili nilisogeza chai mbali na mlo kwa zaidi ya saa moja, nikakamulia ndimu kwenye mboga ili chuma kifyonzwe vizuri, nikanywa mtindi wa maziwa yaliyochemshwa kwanza, na baada ya miezi mitatu nikapewa dawa ya minyoo kliniki. Vidonge vya kuongeza damu vilinifunga choo, sababu inayowafanya wengi wavitupe kimyakimya. Mimi nilimweleza muuguzi, nikaongeza maji na papai, nikaendelea navyo.

Mwezi wa nne hamu ya udongo ilirudi. Safari hii sikwenda sokoni, nilikwenda kupima damu.