Breki ya gurudumu moja ikifa, tuizime na ya upande wa pili?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo. Kikundi chetu kinaandika programu ya gari lenye breki za umeme, kila gurudumu na mota yake na kidhibiti chake. Tumebishana juu ya jambo moja. Breki ya mbele kushoto ikifa ghafla gari likiwa katika mwendo mkali, wenzangu wanataka programu iizime papo hapo na ya mbele kulia ili gari lisivute upande mmoja. Mimi naona tunaitupa breki iliyo nzima, ila sina hoja ya kuwashinda. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Hisia yako ni sahihi, na hoja unayoitafuta imo katika hesabu ambazo nyote mmeshazisoma darasani. Tuzifanye pamoja, maana wenzako nao wana hofu ya haki na hawatatulia kwa maneno matupu.

Chukua gari la kilo 1600, lenye mita 2.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, mita 1.5 kati ya tairi la kushoto na la kulia, na kitovu cha uzito sentimita 55 juu ya barabara. Likisimama, kila ekseli inabeba nusu ya uzito. Linakwenda kilomita 100 kwa saa, na dereva anakanyaga pedali akitaka mwendo upungue kwa mita 6 kwa sekunde, kila sekunde. Hapo zinahitajika niutoni 9600 za kani ya breki. Gari linapofunga breki uzito unahamia mbele, katika mfano huu kiasi cha niutoni 1950, kwa hiyo mgawanyo unaofaa ni karibu niutoni 3000 kwa kila gurudumu la mbele na 1800 kwa kila la nyuma.

Sasa ya mbele kushoto imekufa. Zimebaki niutoni 6600, sawa na kupunguza mwendo kwa mita 4.1 kwa sekunde kila sekunde, na gari linasimama baada ya mita 94 badala ya 64. Fuata ushauri wa wenzako, uzime na ya kulia: unabaki na 3600 za nyuma peke yake, na gari linahitaji mita 172. Pale ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, la pili bado linakimbia kilomita 67 kwa saa. Waonyeshe namba hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Kuna kipimo cha kisheria pia. Kanuni Namba 13-H ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari madogo ya abiria, inadai gari lenye breki kamili lipunguze mwendo kwa angalau mita 6.43 kwa sekunde kila sekunde, na breki ya akiba, ile inayobaki sehemu ya mfumo ikishindwa, itoe angalau mita 2.44. Breki za nyuma zikibaki na mgawo wao wa kawaida, gari la wenzako linatoa 2.25. Mnaweza kuziongeza nguvu, ndiyo, lakini mtakuwa mnayasukuma matairi ya nyuma karibu na kuteleza huku ya mbele, yaliyobeba uzito mkubwa zaidi, hayafanyi kazi.

Turudi kwenye hofu yao. Kulia kuna niutoni 4800, kushoto 1800. Tofauti ya 3000, ikizidishwa kwa nusu ya upana, inatoa momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, ya niutoni-mita 2250 inayoigeuza pua ya gari kwenda kulia. Gari la ukubwa huu lina inesha ya kuzunguka (ukinzani wake wa kugeuzwa) inayokaribia kilo-mita mraba 2500, kwa hiyo kama matairi yasingepinga, pua ingegeuka zaidi ya digrii 6 ndani ya nusu sekunde. Matairi yanapinga, lakini dereva aliyeshtuka kwa pedali isiyofanya kazi kama jana hana nusu sekunde ya kupoteza.

Angalia sasa usukani unadai nini. Ili gari liende moja kwa moja licha ya momenti hiyo, tairi za mbele zinatakiwa kusukuma upande mmoja na za nyuma upande wa pili, niutoni 830 hivi kila ekseli. Kwa ekseli inayotoa niutoni 100,000 kwa kila radiani ya pembe ya mteleko, yaani pembe kati ya tairi linakoelekea na linakokwenda, hiyo ni nusu digrii mbele na nusu digrii nyuma. Yaani magurudumu yageuzwe digrii 1 kwenda kushoto, na kama uwiano wa usukani ni 15 kwa 1, mikono ya dereva inazunguka digrii 15 tu. Dawa yenyewe ni ndogo mno! Tatizo lote ni muda. Momenti inakuja mara moja, mikono inakuja baadaye.

Hilo ndilo jibu la ubishi wenu: msiiue breki ya kulia, icheleweshe. Kani yake ianze chini, tuseme niutoni 1000, ipande hadi 3000 ndani ya sekunde 0.7. Katika mfano wetu mtalipa mita 3 hivi za umbali wa kusimama, na mtakuwa mmempa dereva, au mota ya usukani kama programu yenu inaruhusiwa kuigusa, nafasi ya kufuata. Wazo hili si geni. Waliotengeneza ABS ya kielektroniki ya Bosch, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, iliyoingia kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, walikutana na tatizo la jamii hiyo hiyo: barabara yenye barafu upande mmoja na lami kavu upande mwingine. Suluhisho lililozoeleka likawa kuchelewesha kani ya gurudumu la mbele lililo upande wenye mshiko, na kuyaacha magurudumu yote mawili ya nyuma yafuate lile lenye mshiko hafifu ili nyuma ya gari isitoroke. Kwa macho ya kidhibiti, gurudumu lililokufa breki linafanana sana na gurudumu lililo juu ya barafu. Tofauti moja inawafaa ninyi: la nyuma kushoto bado lina mshiko wake wote, na mnaweza kulitumia.

Hapo pana utajiri, na pana mtego. Mkiipandisha breki ya nyuma kushoto kutoka 1800 hadi 2200, momenti inashuka hadi 1950 na gari linasimama ndani ya mita 88. Faida mbili kwa hatua moja. Lakini tairi lina mshiko mmoja unaogawanywa kati ya kufunga breki na kushika njia. Kwenye lami kavu yenye msuguano wa 0.9, niutoni 2200 kwenye tairi hilo ni kama asilimia 76 ya uwezo wake, na uwezo wa kushika njia unabaki karibu asilimia 65. Panda hadi 2700 na unakaribia kulifunga kabisa. Tairi la nyuma lililojifunga halishiki njia hata kidogo, na gari linaanza kuzunguka kama pia. Wekeni dari: breki ya nyuma ya kufidia isivuke sehemu fulani ya mshiko unaokadiriwa, na dari hiyo ishuke barabara inapolowa. Mimi naanza na asilimia 70 kisha naacha majaribio yaamue.

Kwa hiyo programu yenu isiwe na jibu moja. Iulize kwanza dereva anataka nini. Akikanyaga kidogo, hadi kama mita 2.5 kwa sekunde kila sekunde, mnaweza kusawazisha pande kabisa: nyuma kushoto niutoni 2000, kulia kote 2000, sehemu kubwa ikibebwa na la mbele ili la nyuma kulia lihifadhi mshiko. Gari linasimama bila kuvuta. Zaidi ya hapo upande wa kushoto hauna cha kuongeza, na kila niutoni mnayoiongeza kulia inakuja na momenti yake. Hapo ndipo ucheleweshaji unapoingia kazini. Dereva akikanyaga hadi sakafuni, mpeni kila kinachopatikana huku pua ikilindwa na sensa ya mzunguko, ile inayopima gari linavyogeuka. Anayekanyaga hivyo ameona kitu mbele yake, na gari lililoyumba kidogo likasimama ni bora kuliko lililonyooka likagonga.

Katika kona hesabu inageuka, na nimeona programu nyingi za wanafunzi zikisahau jambo hili. Ikifa breki ya mbele ya upande wa nje wa kona, breki zilizobaki zinavuta kwa ndani na gari linajikunja zaidi kuliko alivyotaka dereva. Hiyo ndiyo hatari kubwa, kwa sababu uzito umeshahama kutoka matairi ya nyuma, yale yanayolizuia gari lisizunguke. Ikifa ya ndani, gari linasukumwa nje, linagoma kukunja, na dereva anaongeza usukani kwa silika. Ucheleweshaji wenu usiwe namba moja ya kudumu. Ufuate mwendo, pembe ya usukani na kani inayolisukuma gari pembeni.

Angalieni pia jiometri ya gari mnalojaribia. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana mabomba ya breki yaliyogawanywa kimshazari, mbele kushoto na nyuma kulia pamoja, na kinyume chake. Mgawanyo huo unaoana na mhimili wa usukani (mstari ambao gurudumu linauzunguka likikunjwa) unaoigusa barabara nje kidogo ya katikati ya tairi. Mhimili ukiwa hivyo, breki ya kulia ikivuta gari kulia, tairi lenyewe linajikunja kushoto na kurekebisha sehemu ya kosa. Mhimili ukiigusa barabara upande wa ndani wa katikati ya tairi, breki inauvuta usukani kule kule gari linakokwenda, na mambo yanakuwa mabaya maradufu. Pimeni kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu.

Kama gari lenu lina mota ya kuendesha kwenye ekseli ya mbele, mnayo breki ambayo hamkuihesabu. Difrensho ya kawaida inagawa nguvu ya mota sawa kwa sawa kushoto na kulia. Mota ikirudisha umeme kwenye betri kwa kuvuta niutoni 2000, gurudumu lililokufa breki linapata 1000 zake, sawa na mwenzake, bila momenti yoyote. Itumieni mapema. Msiitegemee peke yake: betri ikijaa au ikiwa baridi sana inakataa umeme, na karibu na kusimama nguvu hiyo inafifia.

Yote haya yanachukulia kwamba breki iliyokufa imeachia. Ile iliyokufa ikiwa imebana ni ugonjwa mwingine, na kwenye gurudumu la nyuma ni mbaya kuliko yote niliyotaja, kwa kuwa hakuna programu inayoweza kulirudishia mshiko tairi linaloburuzwa. Dawa yake iko kwenye chuma: springi yenye nguvu ya kuzirudisha pedi nyuma umeme ukikatika, na skrubu ya mota isiyojikaza yenyewe. Mkiwa bado hamjanunua mota, anzieni hapo.

Umeme nao usitoke kwenye chanzo kimoja. Gaweni magurudumu katika saketi mbili zenye betri tofauti, na pedali iwe na sensa zaidi ya moja zinazosomwa na kompyuta zaidi ya moja. Mgawanyo wa mbele na nyuma hauleti momenti, ila ukipoteza mbele unabaki na kile kidogo tulichokikokotoa. Wa kimshazari unaacha karibu nusu ya breki daima, 3000 na 1800 kwenye pembe mbili zinazokabiliana, pamoja na momenti ya 900 inayodhibitika. Mimi nachagua wa kimshazari.

Ugunduzi wa hitilafu uwe wa haraka, kwa sababu kwa kilomita 100 kwa saa kila sekunde 0.2 ni mita 5.6. Msisubiri sensa ya mzunguko iwaambie gari limeyumba, hapo mmeshachelewa. Linganisheni mkondo wa mota, kani ya kubana na kasi ya gurudumu. Gurudumu lililoamriwa kufunga breki likazunguka sawasawa na mwendo wa gari bila kuteleza hata kidogo, huku wenzake wakiteleza asilimia kadhaa, limejishtaki lenyewe. Kisha dereva aambiwe kwa taa nyekundu na sauti, na mwendo wa juu uwekewe kikomo hadi gari lifike kwa fundi.

Jaribio la kwanza lifanyeni kwenye uwanja mpana usio na kitu, kwa kilomita 40 kwa saa, mkiiua breki moja moja kwa zamu, gari likinyooka, kisha likikunja kushoto, kisha kulia. Kabla dereva hajaketi, mwekeeni swichi yake ya dharura inayozirudisha breki zote nne kwenye mgawo wa kawaida, na ihakikishwe inafanya kazi hata kompyuta yenu ikizimwa. Niandikie mkishapata namba za sensa ya mzunguko. Ningependa kuona pua imegeuka digrii ngapi kabla mikono ya dereva haijaanza kusogea.