Mkuu, 1/17 ni namba wiano, usiwe mateka wa kikokotoo

Futa kwanza hiyo sentensi uliyoandika, kwamba 1/17 si namba wiano "kwa sababu desimali zake haziishi na hazijirudii". Maswali yako ya kujumlisha na kuzidisha namba zisizo wiano yasubiri, maana ukienda nayo hivi utakosea yote.

Mkuu, namba wiano ni namba yoyote inayoandikika kama sehemu ya namba kamili mbili, na 1/17 ni sehemu! Kiasi (namba ya juu) ni 1, asili (namba ya chini) ni 17, zote namba kamili, na asili si sifuri. Kesi imekwisha hapo, hata kikokotoo kionyeshe nini.

Kilichokuponza ni kioo cha kikokotoo. Kimekuonyesha 0.0588235294, ukatafuta tarakimu zinazojirudia ukazikosa. Ungezionaje? Mzunguko wa 1/17 una tarakimu 16, yaani 0588235294117647, ndipo 0588 inaanza upya. Kioo kimeukatia njiani.

Shika kalamu ugawanye kwa mkono. 10 kwa 17 ni 0 baki 10. 100 kwa 17 ni 5 baki 15. 150 ni 8 baki 14. 140 ni 8 baki 4. Usiangalie majibu, angalia baki. Ukigawanya kwa 17, baki ni 0 hadi 16 tu. Ikitokea 0, desimali imeisha. Isipotokea, baki mojawapo lazima irudi, na ikirudi, kila kinachoifuata kinarudi kwa mpangilio uleule. Ndiyo maana sehemu yoyote desimali zake ama zinaisha, ama zinajirudia. Hakuna njia ya tatu.

Kinyume chake nacho ni kweli. Chukua x = 0.272727... Mzunguko una tarakimu mbili, basi zidisha kwa 100 upate 27.272727... Toa x ya kwanza: 99x = 27, na x = 3/11. Mkia wote usioisha umefutika kwa kutoa mara moja.

Wanaonikera kabisa ni wanaoandika kwenye notisi "π = 22/7" kwa alama ya sawasawa, halafu ukurasa unaofuata wanasema π si namba wiano. Mwanafunzi ashike lipi? 22/7 ni 3.142857..., π ni 3.141592...; zimeachana kuanzia desimali ya tatu. Mwanahisabati Lambert alithibitisha tangu miaka ya 1760 kwamba π haiandikiki kama sehemu. 22/7 ni makadirio, iandikwe kwa alama ya makadirio. Kosa la alama moja, na linapoteza darasa zima.

Mpangilio peke yake nao usikudanganye. 0.101001000100001... ina mpangilio unaoonekana wazi, ila sifuri zinaongezeka kila hatua, hakuna kipande kinachojirudia. Hiyo si namba wiano.

Alama ya kipeuo pia haisemi kitu. √16 ni 4, √2.25 ni 3/2. √2 ndiyo inayogoma: ingekuwa a/b, basi a² = 2b². Vunja pande zote kwa namba tasa uhesabu 2 ziko ngapi. Kwenye a² idadi yake ni shufwa, kwa sababu kila moja imekuja mara mbili. Kwenye 2b² imezidi moja, ni witiri. Pande hizo haziwezi kulingana, kwa hiyo hiyo a/b haipo.